Naomba ushauri: dansi ya Kikajun nyumbani kwetu, Lafayette

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Mimi na mume wangu tunaishi Lafayette, Louisiana, na tumewaahidi majirani kwamba safari hii dansi ya Kikajun, yaani ya Wakajun, jamii ya huku yenye asili ya Kifaransa, itachezwa kwetu kwa desturi ya zamani, ambapo samani zilitolewa sebuleni, wakubwa wakacheza na watoto wakalazwa chumba cha pili. Wapigaji wa kodiani, fidla na pembetatu ya chuma tumewapata, na kwa jinsi kodiani yao ndogo inavyovuma, sioni haja ya vipaza sauti.

Linalonisumbua ni sakafu. Wachezaji wa walzi na tustepu huzunguka ukumbi kinyume cha mwendo wa saa huku wakiburuta nyayo, hivyo mbao zinapaswa kuteleza kidogo. Zamani watu walinyunyiza unga wa mahindi, lakini nahofia kwamba utakwaruza vanishi yetu, tena baadhi ya wageni ni wazee wasiofaa kuanguka. Je, kuna aliyewahi kuutumia, au viatu vya soli ya ngozi vinatosha?

Pia nitapika gambo ya kuku, supu nzito ya huku Louisiana, ambayo mchuzi wake huanza kwa unga wa ngano unaokaangwa katika mafuta hadi uwe wa kahawia. Soseji ya huku aghalabu ni ya nguruwe, nasi tutakuwa na wageni Waislamu kutoka Mombasa; naomba mnielekeze iwapo soseji halali ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi italeta ladha inayokaribiana.