Tumelipia seva yote, lakini funguo zake amebaki nazo muuzaji

Ndugu wadau, hasa mnaohudumia mitambo ya kompyuta huku kusini, ninaandika nikiwa na hasira ambayo siku nne hazijaipunguza.

Chama chetu cha msingi kina ghala Liwale, na kumbukumbu zote za korosho zinazopokelewa, kuanzia uzito na daraja hadi stakabadhi za wakulima, zinatunzwa kwenye seva tuliyoinunua kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam na kuilipia yote kabla haijapakiwa garini. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, na uliporudi feni za seva zilizunguka lakini mfumo endeshi haukupanda. Mimi nilikuwa Lindi mjini, na barabara ya Liwale wakati wa mvua mnaijua.

Ndani ya seva ile mna kompyuta ndogo iitwayo BMC, yenye kichakataji chake na tundu lake la waya wa mtandao, ambayo hubaki macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Imewekwa kwa ajili ya siku kama ile, ili fundi aliye mbali aone skrini, azime na kuwasha, au apachike diski ya usakinishaji bila kufunga safari. Niliingia, nikabofya sehemu ya skrini, nikaambiwa kwamba huduma hiyo inahitaji leseni ya ziada. Muuzaji alijibu kwamba leseni haikuwamo kwenye ankara, na kwamba tungeipata tukishalipa. Hakuna aliyetutajia leseni hiyo siku ya kununua!

Nilijaribu amri ya IPMI, kiwango cha kuiamrisha BMC kupitia mtandao, ya kuilazimisha seva iwake kutoka kwenye diski. BMC iliitika, seva ikabaki vilevile. Nilisafiri, nikafika usiku nikiwa na tope hadi magotini, nikakuta betri ya ubao mama imekufa na mipangilio imerudi ya kiwandani, hivyo kidhibiti cha diski kilikuwa kimetoka RAID (hali ya kuzitumia diski kadhaa kama moja) kwenda AHCI (hali ya kuisoma kila diski peke yake). Kurekebisha kulichukua dakika tano, baada ya wakulima kusubiri siku nzima na magunia yao nje ya ghala.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tatizo hili lilikwishapatiwa dawa. IPMI ni kiwango cha mwaka 1998, na hakikuweka njia ya pamoja ya kusoma na kubadili mipangilio ya namna hiyo. Mwaka 2015 DMTF, shirika la viwango vya usimamizi wa kompyuta, lilitoa Redfish, kiwango kilicho wazi kinachotumia HTTPS na JSON, njia za kawaida za wavuti, ambacho kingeniwezesha kurudisha RAID nikiwa Lindi. Toleo la programu dhibiti (programu inayokaa ndani ya chipu za mashine) lenye uwezo huo lipo kwa seva yetu hiyohiyo, ila hupakuliwa na mwenye mkataba wa huduma peke yake.

Isitoshe, fundi wa muuzaji aliiacha BMC kwenye mtandao uleule wa makarani, ikiwa na nywila ya kiwandani, huku mlango wa mtandao namba 623, unaotumiwa na IPMI, ukiwa wazi. IPMI 2.0 humpa yeyote anayelijua jina la mtumiaji heshi ya nywila (alama iliyokokotolewa kutokana na nywila, ambayo mtu anaweza kuitumia kuibahatisha) kabla hata hajathibitishwa, na kasoro hiyo imo kwenye kiwango chenyewe, wala haizibwi kwa kusasisha. Fundi wa seva asiyelijua hilo hafai kukabidhiwa ghala la watu.

Niliuliza kama tunaweza kuweka coreboot, mradi wa programu dhibiti huria ya kuwashia mashine ulioanza mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos, au OpenBMC, programu huria ya BMC iliyo chini ya Linux Foundation. Jibu likawa kwamba Boot Guard, kinga ya Intel inayokagua saini ya programu ya kuwashia, imeunguziwa ufunguo wa mtengenezaji ndani ya chipu, na BMC nayo haipokei programu isiyo na saini yake. Mashine ni yetu, lakini hatuna ruhusa ya kuamua iwake na nini.

Ninamdai muuzaji leseni ya skrini na toleo jipya la programu dhibiti bila malipo, kwa maandishi. Seva nyingine ya aina hii imeagizwa kwa ajili ya Ruangwa, na sitatia saini hati ya mapokezi kabla sijaona Redfish ikifanya kazi mbele ya macho yangu. Mwenye nakala ya zabuni iliyoyataja masharti haya aiweke hapa, maana kamati ya manunuzi inakaa Jumatatu.