Naomba ushauri: namna ya kushika utaratibu wa kila siku katika safari ya gari ya siku 16 pamoja na watoto watatu na mama mkwe

MamaWatatu

Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi ujao mimi na mume wangu tutasafiri kwa gari kwa muda wa siku 16, na tumekadiria kwamba tutakwenda takribani kilomita 4,000 hadi kurudi nyumbani. Ndani ya gari tutakuwa sita: sisi wawili, mama mkwe wangu mwenye umri wa miaka 68, binti yetu wa miaka 11, mdogo wake wa kiume wa miaka 6, na kitinda mimba wetu mwenye mwaka mmoja na miezi minane. Madereva tupo wawili, malazi ya kila usiku tumekwisha kuyapanga, na siku nyingi tutaendesha kwa saa 5 au 6. Kinachonikosesha raha ni mpangilio wa siku yenyewe.

Mwaka jana tulifanya safari ya siku tano, na kufikia siku ya pili utaratibu wote wa nyumbani ulikuwa umevunjika. Kila asubuhi tulichelewa kuondoka kwa sababu tulikuwa tukitafuta viatu na chupa za maji chini ya mizigo. Kitinda mimba alilala garini kuanzia saa 9:00 alasiri hadi saa 11:00 jioni, kisha akakesha nasi hadi saa 6:00 usiku katika chumba asichokizoea. Kaka yake alitapika mara mbili, nami nikajikuta nikimfokea binti yangu kwa sababu tu aliuliza zimebaki kilomita ngapi. Jambo hilo bado linaniuma. Nilikuwa nimeandika jedwali la saa kwa saa na kulibandika mbele ya kiti changu, lakini lilinizidishia uchungu, maana ilipofika saa 4:00 asubuhi tulikuwa tumekwisha kupitwa na jedwali lenyewe.

Naomba mnisaidie kwa jambo hili: mlioshinda barabarani siku nyingi na watoto, ni utaratibu gani ulioweza kudumu hadi siku ya mwisho?

MsafiriWaMasafa

Pole sana, mama, na hongera kwa kuanza kufikiri mapema. Nimesafiri na watoto wangu wanne kwa njia hii kwa miaka mingi, na kosa ulilolifanya nami nililifanya: niliifunga ratiba kwenye saa. Barabarani kuna foleni, mvua, matengenezo na tumbo la mtoto, na kila kimojawapo kinatosha kulifuta jedwali zima.

Sisi tuliacha saa tukashika vigingi, yaani mambo machache ambayo lazima yatokee kila siku kwa mfuatano uleule hata kama muda wake unasogea. Vigingi vyetu ni vinne: kuamka, mapumziko marefu ya mchana, kufika, na kulala. Cha kwanza na cha mwisho hatukuviruhusu kusogea zaidi ya nusu saa, ila hivyo viwili vya katikati tuliviacha vicheze kulingana na njia. Mtoto wa miaka 6 hajali kama ni saa 7:00 au saa 8:00 mchana. Anachotaka kujua ni kwamba baada ya kula atakimbia, baada ya kukimbia atapanda gari, na baada ya kupanda gari kutakuwa na hadithi. Akishaujua mfuatano huo, maswali ya kila dakika hupungua yenyewe.

Kuhusu asubuhi zenu, naomba niseme kwa msisitizo kwamba asubuhi hutengenezwa usiku uliotangulia. Kila jioni, kabla ya mtu yeyote kulala, nguo za kesho ziwekwe juu ya kiti, viatu vyote vipangwe mlangoni, chupa zijazwe, na simu ziwe kwenye chaji. Pia msiteremshe mizigo yote kila mnapofika. Tengenezeni begi moja la usiku lenye nguo za kulalia, miswaki, nepi na mavazi ya siku moja tu kwa kila mtu, na mengine yabaki kwenye buti. Tulipoanza kufanya hivyo, muda wetu wa kujitayarisha asubuhi ulipungua kutoka karibu saa mbili hadi dakika 50.

BabaPacha

Mimi nina njia fupi zaidi. Ondokeni saa 9:00 usiku watoto wakiwa bado usingizini. Mnawabeba hadi garini, na wakiamka mmekwisha kumaliza nusu ya safari. Tulifanya hivyo mara moja, na siku ile haikuwa na kelele hata kidogo.

MuuguziMstaafu

Ndugu BabaPacha, kwa safari ya usiku mmoja huenda mtu akavumilia, ingawa hata hapo nisingeishauri familia yangu. Kwa siku 16, naomba mama asiifuate njia hiyo. Mwili wa binadamu huzidiwa na usingizi zaidi kati ya saa 8:00 usiku na saa 12:00 asubuhi, na tena, kwa kiasi kidogo, kati ya saa 8:00 na saa 10:00 alasiri, na huo ndio muda ambao madereva wengi husinzia kwenye usukani. Watoto watakuwa wamelala, lakini anayewaendesha atakuwa anapigana na mwili wake.

Ninyi madereva mpumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili, hata kama hamjisikii kuchoka, na ikiwa mmoja ameanza kupiga miayo mfululizo au hakumbuki kilomita chache alizopita, gari lisimame mahali salama. Usingizi wa dakika 15 hadi 20 husaidia. Kahawa nayo husaidia, ila huchukua karibu nusu saa kuanza kufanya kazi, na kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi.

Mapumziko hayo ya kila saa mbili yanamfaa kila mmoja aliyemo garini. Kitinda mimba anahitaji kutolewa kwenye kiti chake, anyooshe mgongo na kutembea. Asitolewe kamwe gari likiwa katika mwendo, hata akilia kwa kutaka kunyonya. Mama mkwe wako anahitaji kutembea ili damu isitulie miguuni, na tafadhali mwangalieni kama anakunywa maji, kwa sababu wazee wengi hujinyima maji safarini kwa kuogopa kuwasumbua wengine kwa haja ndogo. Mkikubaliana tangu mwanzo kwamba gari litasimama kila baada ya saa mbili, hatakuwa na sababu ya kuomba wala kuona haya. Kama anatumia dawa, hizo ndizo zifuate saa hasa, nazo zikae karibu naye ndani ya gari, si kwenye buti ambako joto huzidi.

Kuhusu kutapika: kichefuchefu cha safari hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yakitazama kitu kilichotulia, na watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi. Kijana wako akae mahali anapoona barabara mbele yake, asisome wala kutazama kioo cha simu gari likitembea, ale kidogo kidogo badala ya kushiba kabla ya kuondoka, na apate hewa safi. Dawa za kichefuchefu zipo, lakini muulizeni daktari kabla ya kumpa mtoto, na mmuulize mapema.

Jambo la mwisho, ingawa halikuulizwa: katika kusimama kote huko, mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa hata kwa dakika chache. Joto la ndani linaweza kupanda kwa takribani nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10.

BabaPacha

Nimekuelewa, muuguzi, na ninaondoa ushauri wangu. Kwa kweli siku ile mke wangu aliniambia baadaye kwamba nilivuka mstari wa barabara mara mbili.

MamaWatatu

Ninawashukuru sana. Vigingi vinne nimevipenda, na mume wangu amekubali kwamba hatutaondoka kabla ya jua kuchomoza. Nimebakiwa na maswali mawili. La kwanza ni usingizi wa mchana wa kitinda mimba, ambao ndio ulioharibu usiku zetu zote. La pili ni binti yangu mkubwa, ambaye mwaka jana alishinda na kishikwambi usoni tangu asubuhi hadi jioni, akawa mkali kila tulipomwomba akizime.

MuuguziMstaafu

Mtoto wa umri wa kitinda mimba wako anahitaji jumla ya saa 11 hadi 14 za usingizi katika saa 24, ukijumlisha na wa mchana, kwa hiyo usijaribu kumnyima ule wa mchana ili alale mapema usiku. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hulala kwa taabu zaidi. Kinachotakiwa ni kuusogeza. Simameni kwa mapumziko marefu mapema kidogo, tuseme karibu na saa 6:00 mchana, ale, akimbie hadi achoke, kisha mwondoke akiwa tayari kusinzia. Akilala saa 7:00 na kuamka kabla ya saa 9:30, usiku wake utakuwa salama. Ikiwa hajaamka kufikia muda huo, tumieni mapumziko yanayofuata kumwamsha kwa upole.

Hata hivyo, lazima mtambue kwamba saa hizo za utulivu garini zinaingia moja kwa moja katika muda ambao dereva naye hulemewa. Kwa sababu hiyo badilishaneni usukani kwenye mapumziko ya mchana, tena atakayeshika awe amelala vizuri usiku. Mtu mzima mmoja abaki macho pamoja naye hadi mfike. Nimeona familia ambazo watu wote walisinzia pamoja baada ya chakula cha mchana, dereva akabaki peke yake na ukimya.

MwalimuWaWatoto

Niruhusuni nizungumze kuhusu binti. Mtoto wa miaka 11 katika safari ya aina hii yuko mahali pagumu: ni mkubwa mno kwa michezo ya wadogo zake na ni mdogo mno kushirikishwa katika maamuzi, hivyo hujificha kwenye kioo. Ningeanza kwa kumpa kazi ya kweli. Mkabidhini ramani ya karatasi na daftari, awe ndiye anayejua tumetoka wapi, tunasimama wapi na zimebaki kilomita ngapi. Swali lile lililokufanya umfokee mwaka jana, mama, mwaka huu liwe ni lake kulijibu, na mdogo wake atamuuliza yeye. Ukurasa wa ramani autazame hasa mnaposimama, naye akijisikia vibaya auweke chini.

Kishikwambi nisingekipiga marufuku. Ningekifunga kwenye kigingi kimojawapo: kinawashwa baada ya mapumziko ya mchana, kinazimwa kwenye mapumziko yanayofuata. Mtoto hubishana na mzazi anayezima kwa ghafla, lakini habishani sana na kituo alichokijua tangu asubuhi. Kwa kaka yake, hadithi za kusikiliza zinafaa kuliko picha. Na bibi yao ni hazina hapo. Mwombeni awasimulie hadithi moja ndefu kwa sehemu, kila siku sehemu moja, muda uleule, kwa mfano mara tu gari linapoondoka asubuhi. Nimeona watoto wakiharakisha kupanda gari kwa sababu hiyo tu.

MsafiriWaMasafa

Ninaongeza moja ambalo sikulitaja. Tafuteni siku ambazo gari halitawashwa kabisa, angalau moja kila baada ya siku tatu au nne. Kwa siku 16 na kilomita 4,000, mkitenga siku nne za kukaa, mtabakiwa na wastani wa kilomita 333 kwa kila siku ya mwendo, na hilo linawezekana bila kukimbizana. Katika siku hizo vigingi vya kuamka na kulala vibaki palepale. Familia nyingi huviachia siku ya mapumziko, halafu huanza upya kesho yake.

Pia msikate tamaa siku mbili za kwanza zikiwa ngumu. Kwetu daima ilikuwa siku ya tatu ndipo watoto walipoanza kuushika mfuatano.

MamaWatatu

Jana jioni tulikaa wote sita tukapanga. Tutaamka saa 12:30 asubuhi na kuondoka saa 2:00. Bibi ataanza hadithi gari likitoka langoni, tutasimama kila baada ya saa mbili, na mapumziko marefu yatakuwa karibu na saa 6:00 mchana, ambapo mimi nitachukua usukani kutoka kwa mume wangu naye hatasinzia. Tutajitahidi kufika kabla ya saa 11:00 jioni. Kisha watoto wataoga, watakula, watasomewa ukurasa wa kitabu kilekile wanachosomewa nyumbani, na taa itazimwa saa 2:30 usiku kwa wadogo. Binti yangu amekwisha kuchora njia yote kwenye daftari na amempa kaka yake kazi ya kukagua viatu mlangoni.

Nina hofu moja tu iliyobaki. Je, siku tukichelewa kufika, pengine saa 3:00 usiku, tunafanya nini na utaratibu wa kulala? Tuwaweke kitandani moja kwa moja?

MsafiriWaMasafa

Msiruke hatua, ila zifupisheni zote. Badala ya kuoga, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu usoni, mikononi na miguuni kinatosha. Badala ya chakula kamili, kitu chepesi mlichokibakiza kwa ajili hiyo. Ukurasa wa kitabu uwe mistari mitatu, lakini usomwe, na usomwe kwa sauti ileile unayotumia nyumbani. Asubuhi yake msiwaache walale zaidi ya nusu saa ya ziada, na pungufu litakalobaki kitinda mimba atalilipa mchana garini.