Mrejesho: ile viza ya kufundisha Kiingereza Korea

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi wa Ramadhani niliuliza kama mwalimu wa Chake Chake mwenye digrii ya ualimu anaweza kupata viza ya kusomesha Kiingereza Korea Kusini. Wengi mlinambia nisitoe pesa kwanza. Mlisema kweli, ila mie nilikuwa nishampa wakala wa viza nusu.

Viza yenyewe ni E-2, na kwa Kiingereza wanataka raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Basi. Unajua nini si hoja, wanatazama jalada la paspoti. Na wakala wangu alilijua hilo tangu siku ya mwanzo! Nilipanda boti mpaka Unguja kumfuata, nikamkuta anatafuna njugu, akanambia "tujaribu Japani". Kule nako, kama Kiingereza si lugha yako ya kuzaliwa, hutakiwa uwe umesomeshwa kwa Kiingereza miaka 12. Mie skuli ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, kama wengi wenu.

Sasa nahangaikia Vietnam: digrii, cheti cha kusomeshea Kiingereza, hati ya polisi. Vyeti vinagongwa muhuri Mambo ya Nje, kisha ubalozi wao Dar. Digrii ishapata muhuri wa kwanza. Bahasha ina alama ya kidole cha mafuta ya nazi. Mama alitaka kuuona.

Wakala hajanirudishia kitu. Simu siku hizi anapokea mkewe.