Naombeni ushauri: Subaru Forester (toleo la SJ) au Mazda CX-5 kwa familia ya watoto watatu

Wakuu habari zenu. Natafuta gari la familia, bajeti milioni 38 na ushuru humo humo. Watoto watatu, mdogo bado wa kwenye kiti cha mtoto so lazima iwe na ISOFIX (vishikizo vya kufungia kiti cha mtoto) na airbag zote ziwe nzima, hapo sibembelezi. Tunaishi Dar, kila siku ni foleni, ila likizo tunapanda Lushoto kwa wazazi na zile kona kuanzia Mombo gari likiwa limejaa watu na mizigo linahitaji nguvu na breki za kueleweka.

Nimepita showroom, nimemuuliza na fundi wangu. Forester SJ ya 2013 nimeipenda sana, ipo juu na ina AWD (inavuta tairi zote nne), ila fundi anasema CVT (gearbox yake ya automatic isiyo na gia za hatua) ukiiwekea oil isiyo yake umeumia. CX-5 ina automatic ya kawaida ya gia sita, ya dizeli naiogopa sababu DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi) inataka safari ndefu kujisafisha na mimi ni mtu wa foleni, basi nabaki na ya petroli.

Kwa mliokaa nazo, ipi spea hazisumbui na mafuta inakulaje mjini? Na siti ya nyuma, kiti cha mtoto kimoja na booster mbili (vile vya kuinulia watoto wakubwa) vinaenea kweli?