Mnaokamata mijusi ili kulisha nyoka wenu: mnamdanganya nani?

Wakuu, leo natema nyongo. Asiyependa kelele apite zake.

Kila mgeni anayekuja na swali la "nyoka wangu mdogo hali, nifanyeje?" hata hajamaliza kueleza ni nyoka wa aina gani, mjuaji mmoja keshamjibu: kamata mjusi ukutani umtupie. Basi, kesi imefungwa. Hakuna anayeuliza nyoka ameanguliwa lini, boksi lina joto kiasi gani, ana pa kujificha au yuko uchi kama mshtakiwa kizimbani. Mjusi! Na mgeni naye, kwa kuwa mjusi ni wa bure na yupo pale pale nyuma ya taa, anatii. Nyoka anakula, mgeni anarudi kushukuru, mjuaji anavimba kichwa. Miezi ikipita, mgeni huyo huyo anauliza kwa nini nyoka wake anahema mdomo wazi. Hapo wajuaji wote wamepotea, huoni hata kivuli.

Jamaa mmoja mfugaji alinifungulia begi lake akanionyesha, tena kwa fahari, chupa ya maji ya plastiki iliyotobolewa kwa msumari wa moto. Ndani mijusi kafiri wamepandiana, chupa imetoa jasho, na chini kabisa kuna mikia iliyokatika, mmoja bado unafurukuta peke yake. Jike mmoja alikuwa amejibandika kwenye plastiki, tumbo limenielekea. Mnaowajua mijusi hawa mnajua ngozi ya tumbo lao inaonyesha ndani: mayai mawili meupe, yamekaa upande huu na upande huu. Mawili ndiyo kawaida yao kwa mkupuo mmoja, hawatagi mafungu kama kinyonga. Jamaa ananiambia, "Huyo mnene ndiye mzuri, ana lishe." Nilikosa la kusema, na mimi si mtu wa kukosa la kusema.

Halafu kuna wale wanaojiona wana huruma: "Mimi aliyekatika mkia namwachia aende." Umemwachia nini sasa? Mkia ndio ghala la mafuta ya mjusi. Humo ndimo anamokula wadudu wakiadimika, na jike humo ndimo anamochota nguvu za kutengeneza mayai. Ni kweli unaota tena, lakini ndani unakuwa na gegedu badala ya mifupa, na mwili unaacha kukua au kutaga ili ulipie huo mkia mpya. Umemuibia akiba yote halafu unadai umemsamehe.

Ya gundi ya panya sitaki hata kuisimulia sana. Mtu anatega ubao wa gundi, anambandua mjusi kwa mafuta ya kupikia, ngozi inabaki ubaoni, kisha anamtupia nyoka kiumbe aliyepakwa gundi na mafuta. Ukifanya hivyo huna haki ya kujiita mfugaji.

Na mnakamata nani? Hamjui. Kwenu chochote chenye miguu minne na mkia ni "mjusi mdogo". Kuna mijusi wasiozidi urefu wa kidole wanaoishi kwenye misitu michache tu midogo duniani. Yule wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, Lygodactylus williamsi, biashara ya wanyama wa kufugwa ilimfagia hadi mwaka 2017 akaingizwa Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani daraja la ulinzi mkali kuliko yote, moja na faru. Vinyonga nao wengi wamo kwenye orodha za mkataba huo huo. Sasa mtu anayeshindwa kumtofautisha mjusi kafiri na guruguru mchanga, akiingia kichakani na kitanzi cha uzi wa kuvulia samaki, nani atamwambia amemtia nani mfukoni?

Lakini najua wengi wenu mjusi hamumwonei uchungu. Sawa. Tuzungumzie nyoka wako basi, huyo unayemlilia.

Mjusi wa ukutani anakula mende. Mende anakula kila uchafu, pamoja na kinyesi chenye mayai ya vimelea. Kuna kundi la vimelea wanaoishi kwenye mapafu ya nyoka wakinyonya damu. Ukimwona mmoja utasema ni mnyoo mweupe wenye pingili, ila wanasayansi wanamweka ukoo mmoja na kaa na kamba. Mzunguko wake umekaa hivi: mayai hupanda kutoka mapafuni hadi mdomoni, nyoka anayameza, yanatoka na kinyesi, mdudu anayala, mjusi au chura anamla mdudu, nyoka anamla mjusi, na lava, yaani mtoto wa kimelea, anatoboa njia kurudi mapafuni. Yaani mjusi ndiye gari lenyewe. Mmoja wao, Raillietiella orientalis, aliingia Florida, Marekani, na chatu wa Burma waliotokea Asia, na sasa anaua nyoka wa asili wa kule ambao hawakuwahi kuishi naye. Hao ni nyoka wa porini wenye eneo zima la kutembea. Wa kwako yuko ndani ya boksi, amedhoofu, hali vizuri, halafu unamlisha mjusi wa pili, wa tatu, wa nne. Kila mmoja ni bahati nasibu mpya.

Hapo sijagusa minyoo ya tumboni. Sijagusa salmonela, bakteria wa kuharisha, ambayo mtapata nyinyi wenyewe na watoto wenu kwa kushika mijusi halafu kushika uso. Sijagusa dawa ya wadudu: mmepuliza nyumba nzima, mende wanalewalewa, mjusi anawaokota kirahisi, wewe unamwokota mjusi kirahisi. Hukujiuliza kwa nini leo hakukimbia?

"Nawagandisha kwanza, mkuu." Afadhali, wala sikubezi. Kugandisha kwa wiki kadhaa kunapunguza minyoo mingi. Salmonela haifi kwa baridi, na sumu haitoki kwa kuganda.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni kwamba mara nyingi huyo mjusi hakuhitajika kabisa. Nimeona watu wanawapa mijusi watoto wa chatu wa Afrika Magharibi, Python regius. Jamani! Huyo anaanguliwa akiwa na ukubwa wa kumeza panya mdogo mwenye manyoya tayari kwa mlo wake wa kwanza. Kama hali, ana baridi, ana hofu, au unamshikashika kila saa kumwonyesha wageni. Mjusi hatibu hayo.

Na kwa wale wembamba kweli, ambao porini utotoni hula mijusi, mfano nyoka wa nyumbani wa Afrika (Boaedon) na baadhi ya nyoka-mfalme wa Marekani, bado njia ipo. Kwanza subiri. Mtoto wa nyoka anatoka kwenye yai na akiba ya kiini cha yai tumboni, na wengi hawataki kula mpaka wajivue ngozi ya kwanza, wiki moja au mbili baadaye. Watu wanampa chakula siku ya tatu, anakataa, wanatangaza msiba. Akishajivua, chukua panya mchanga asiyeota manyoya, aliyegandishwa na kuyeyushwa. Mwoshe kwa sabuni isiyo na harufu, suuza hasa, mkaushe. Kisha msugue kwa harufu ya mjusi, kuanzia puani. Kipande cha ngozi aliyojivua mjusi wa kufugwa kinatosha, ila uwahi, maana mijusi kafiri huila ngozi yao wenyewe ukizubaa. Mweke nyoka na huyo panya kwenye kikopo kidogo chenye matundu, giza, joto la kutosha, funga, ondoka, usichungulie hadi asubuhi. Akigoma, toboa kidogo fuvu la panya ubongo uonekane, jaribu tena baada ya siku nne au tano. Kila mlo punguza harufu ya mjusi mpaka iishe. Ni kazi, sikatai. Inataka subira, na ndiyo maana mjuaji wetu anapendelea chupa.

Najua kuna atakayesema nyoka wake ni mla mijusi wa kudumu. Wapo. Wale wembamba wa mitini wa jenasi Thelotornis, wanaofanana na kijiti kikavu, chakula chao kikubwa ni mijusi na vinyonga. Basi zalisha mijusi mwenyewe, nyumbani, kizazi baada ya kizazi, au usimfuge. Kwa huyo nashauri la pili. Mtaalamu Robert Mertens, Mjerumani aliyebobea katika nyoka na mijusi maisha yake yote, aliumwa na Thelotornis wake mwenyewe wakati akimlisha, akafa baada ya siku 18, mwaka 1975. Hadi leo hakuna dawa ya sumu yake. Halafu kijana wa miezi mitatu kwenye fani ananiambia "nampata kirahisi, anakula mijusi tu".

Na nyinyi wauzaji msijifiche. Mnajua kabisa mtoto wa nyoka mnayemuuza hajawahi kugusa panya. Mmemlisha vijusi viwili ili ajae tumbo apendeze, mnaandika "anakula vizuri". Mimi nimeuziwa wa namna hiyo. Nilipomuuliza muuzaji nyoka amekula nini mara ya mwisho akanijibu "anakula kila kitu", na baada ya hapo simu haikupokelewa tena. Nyoka aliyezoeshwa mjusi anaweza kukaa muda mrefu mno akikataa panya, na anayehangaika si wewe uliyekwisha kula hela.

Kwa hiyo kwenye uzi huu naomba mambo mawili tu. Anayeuza aandike milo mitatu ya mwisho ya nyoka: ilikuwa nini, hai au iliyogandishwa, na alikula mwenyewe au alilishwa kwa nguvu. Na anayemjibu mgeni aanze kwa kuuliza joto la boksi kabla hajamtuma mtu ukutani. Mwenye povu alimwage hapa chini, nipo.