MJADALA: Kizingiti cha dola 400 kinamlinda nani kwenye ushauri nasaha?

Ndugu zangu, hasa mlioko huku Marekani, tulijadili hili bila kuoneana haya. Sisi kutaja pesa ni shida, na yakifika mambo ya akili ndiyo tunanyamaza kabisa.

Tangu Januari 1, 2022, sheria ya No Surprises Act inamtaka mtoa huduma, mshauri nasaha akiwemo, ampe mtu asiye na bima, au anayelipa kutoka mfukoni, makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya huduma. Hata ukiulizia bei tu bila kupanga miadi, karatasi inatakiwa ikufikie ndani ya siku 3 za kazi. Bili ikizidi makadirio kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 kuanzia tarehe ya bili ya kwanza kuipinga.

Ninachogombana nacho ni hiyo 400.

Mdogo wangu ni dereva wa lori Texas. Kazi ilipoisha, bima nayo ikaisha. Miezi michache baadaye mama akatutoka, naye hakuweza kwenda kuzika. Akawa halali. Nilimbembeleza sana hadi akakubali kwenda kwa mshauri. Makadirio alipewa, hilo sikatai: vikao 6, dola 150 kila kimoja, jumla 900. Bili ikaja 1,125. Tulikaa mezani tukaipitia mstari kwa mstari. Kikao cha kwanza, cha tathmini, 275, kina msimbo wake, yaani namba inayotambulisha aina ya huduma kwenye bili. Vitatu vilikuwa 150 kama tulivyoambiwa. Viwili vya mwisho 200 kila kimoja. Tukapiga simu kuuliza. Jibu: hivyo viwili vilipita dakika 52, na kuanzia dakika ya 53 msimbo hubadilika, na bei pia. Nikamuuliza mdogo wangu, siku hizo kulikuwa na nini? Akasema ndizo siku alizolia.

Hakurudi tena.

Zilizozidi ni dola 225. Kwa bili ya upasuaji hizo hata huzioni. Kwake ni robo nzima ya alichoambiwa, na utaratibu ule wa kupinga haumgusi kwa sababu hazijafika 400. Ili afikie kizingiti hicho angehitaji bili ya 1,300 kwa huduma aliyoambiwa ni 900. Naona kabisa kwamba kiwango hiki kimepimwa kwa bili za hospitali, kisha mtu wa kikao cha wiki kwa wiki akavishwa nguo isiyo yake.

Nimeongea na mshauri nasaha mmoja, Mkenya mwenzetu, nipate na upande wao. Hoja yake ina uzito. Anasema mtu hajaingia mlangoni, wewe utajuaje anahitaji vikao 4 au 40? Sheria inaruhusu makadirio ya huduma ya kujirudia yafike hadi miezi 12, kwa hiyo wengine huandika vikao 52 ili wasije wakazidi. Mgonjwa akiona 52 mara 150, yaani dola 7,800, anakimbia kabla hajasema hata neno moja. Tena yeye anafanya kazi peke yake, hana karani, karatasi zote anaandika usiku.

Namwelewa. Idadi ya vikao siwezi kumdai. Lakini bei ya kikao cha tathmini, mshauri wa mdogo wangu aliijua. Bei ya kikao cha dakika 45 (kisichopita 52) na ya kile cha dakika 60 (kuanzia 53) alizijua. Hizo ziandikwe zote tatu, kwa maneno ya kawaida wala si misimbo mitupu, na mtu aambiwe dakika ya ngapi bei inapanda. Baada ya kikao cha kwanza yatolewe makadirio mapya, kwa sababu sheria inaruhusu kuyabadilisha kabla ya huduma inayofuata. Na kizingiti kiwe asilimia, tuseme 10 ya makadirio, badala ya dola 400 kwa kila mtu.

Mnaofanya kazi kwenye kliniki, niambieni: mgonjwa akiwa analia na saa inakaribia dakika ya 53, humwambia? Na mliowahi kulipa kutoka mfukoni, karatasi yenu ilionyesha bei zote au moja tu?