Ushauri jamani: biskuti za vijiti zinanivunjikia na watoto wananisubiri

BabaWawili
Assalaam alaykum wana jukwaa. Mie nipo Unguja, Ng'ambo. Sikukuu imekaribia na nimewaahidi wanangu tutapika biskuti za sukari, zile zinazochomekwa kijiti kama mshikaki kisha zikapambwa rangi. Mkubwa ana miaka minane, mdogo mitano. Vikatio vipo: nyota, mwezi na samaki. Jana tumejaribu. Unga ulikuwa mlaini unaganda vidoleni, vijiti vimeungua vyeusi, na ukinyanyua, kijiti kinatoka peke yake biskuti imebaki sufuriani. Mdogo kalia mpaka kalala. Nikosee wapi tena? Mama yao hayupo.

UmmuNahla
Waalaykumu salaam. Tatizo lako ni joto, siagi huku kwetu inayeyuka ungali unaikanda. Ukishachanganya siagi, sukari, yai, vanila na unga, funika utie frijini nusu saa. Usitie hamira ya unga nyingi, biskuti ikifura umbo linapotea. Sukuma kwa unene wa sentimita moja, usipungue, ikiwa nyembamba kijiti hakina pa kushika. Kata, halafu mtoto aweke kiganja juu ya biskuti, taratibu, wewe upenyeze kijiti kwa ubavuni mpaka kipite nusu. Geuza, ziba mgongoni kwa kipande kidogo cha unga. Vijiti viroweke kwenye maji kwanza. Na ukitoa motoni USINYANYUE. Iache ilale mpaka ipoe kabisa. Oveni nyuzi 175, dakika kumi hadi kumi na mbili, pembe zikianza tu kubadilika rangi.

BabuVespa
Sie sikukuu yetu ilikuwa vileja, visheti na tende basi. Kileja kina samli na iliki, hakitaki kijiti wala rangi. Tukipewa mkono wa Eid tunakimbilia Mnazi Mmoja jioni kununua ubuyu. Watoto wa siku hizi biskuti nayo lazima ipandishwe mti.

KarafuuMbichi
@BabuVespa babu kaulizwa nani 😂
Mwenye uzi, vijiti vya mishikaki vina ncha. Kata ncha kwa koleo kabla hujampa wa miaka mitano, atajidunga jicho. Na wasilambe unga mbichi, una yai na unga usiopikwa.

MtuWaMalindi
Oveni yako ya gesi au ya umeme?

BabaWawili
Shukrani UmmuNahla. Oveni ni ya kawaida tu. Suala langu ni vijiti na ile rangi ya juu, tusitoke kwenye mada.

UmmuNahla
Rangi: sukari ya unga, ute wa yai na matone ya ndimu. Kwa watoto wadogo mie naacha ute mbichi, natia maji na ndimu. Fanya mbili, nzito ya kuchora mpaka, na nyepesi kama uji ya kujaza ndani. Kukiwa na mvua haikauki upesi, iache usiku kucha. Kila mtoto mpe rangi yake, la sivyo watapigana.

MtuWaMalindi
Kaka, narudi palepale. Umeandika "biskuti imebaki sufuriani". Wenye oveni zinawabakia kwenye trei.

BabaWawili
Haya, natumia jiko la makaa. Sufuria, mchanga chini, nimepalia makaa juu ya mfuniko. Bibi zetu wameoka hivyo miaka yote. Kuna ubaya gani?

ShangaziWaKwerekwe
Hakuna ubaya hata kidogo! Umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 hadi Machi 2010, mie nilikuwa na keki ya harusi ya mtoto wa dada. Nimeioka kwa makaa, gorofa moja moja, jasho mpaka kisogoni, na mpaka leo bibi harusi anaiulizia. Mume wake wa sasa si yule lakini, hayo tuyaache. Makaa machache chini, mengi juu. Zipange duara, vijiti vyote vikutane katikati, vichwa nje. Haviungui.

KarafuuMbichi
Mie kitu kimoja kinanitatiza. Nyumba yenye vikatio vya nyota, mwezi na samaki haina oveni?

MtuWaMalindi
Nami ndiko nilikokuwa naelekea, pole pole.

BabaWawili
Oveni ilikuwepo. Nimeiuza. Ilikuwa ya mke wangu, akifanyia biashara ya keki, lakini tangu Ramadhani ya mwaka jana oda zimepungua, imekaa tu inashika vumbi. Vespa yangu imekufa injini na ndiyo inayotulisha. Nilikusudia kumnunulia nyingine. Yeye kaenda kwao Wete, Pemba, kupumzika. Tiketi za boti nishakata, watoto wampelekee biskuti wenyewe. Akiwaona na zile samaki atacheka, namjua.

BabuVespa
Injini ya Vespa hiyo sikulaumu.

UstadhPolePole
Ndugu yangu, mali ya mke ni ya mke. Soma Suratun Nisaa aya ya 32, wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Huwezi kuuza usichokimiliki kisha ukatuma watoto na peremende. Piga simu kwa baba mkwe kwanza.

BabaWawili
Ustadh, baba mkwe hapokei. Na nimesema nitamnunulia.

MtuWaMalindi
Subirini. Huyu si ndiye aliyefungua uzi mwaka jana akiuliza posa inapelekwaje Pemba na nani aongozane naye? Jina lilelile. Leo ana mtoto wa miaka minane? Jamani tunapikiwa tamthilia ya Ramadhani.

KarafuuMbichi
Uwiii. Ama ni mke wa pili, ama hakuna oveni, hakuna Wete, hakuna chochote.

ShangaziWaKwerekwe
Na mie nimeshatoa siri ya keki ya watu bure!

BabaWawili
Posa ilikuwa ya mdogo wangu, hana simu ya maana. Anayedhani natunga aje aone kikatio cha samaki, mkia umepinda kwa sababu mdogo alikikalia, kila samaki anatoka kama anageuka nyuma. Mama yao alikuwa anaunyoosha kwa kijiko kila akitaka kukata. Mie nimeunyoosha umepasuka.

UmmuNahla
Ya kweli au ya kutunga, watoto wasinyimwe. Kwa boti usizisimamishe. Zilaze kwenye kopo la bati, karatasi kati ya tabaka na tabaka, rangi iwe imekauka kabisa. Mifuko ya plastiki huku marufuku tangu 2006, usije ukanyang'anywa bandarini. Na uandamane nao mwenyewe, usiwatume.

BabaWawili
Tiketi nimekata za watoto na dada yangu.

UstadhPolePole
Ndiyo maana simu haipokelewi.

FundiWaAmani
Mie nimechelewa, samahanini. Hiyo oveni ya gesi au ya umeme, na mnunuzi keshaichukua? Nina gari ya mizigo.

BabaWawili
Ya gesi. Keshaichukua.